Chai ya Ukweni

Joakim wa Mbuji hakuwa mvivu wala mlevi, na shamba lake la kahawa lilikuwa safi kuliko mengi pale mlimani. Shida yake ilikuwa watu. Si kwamba aliwachukia. Aliwapenda, ila kwa mbali. Akiona kundi limesimama njiani, alikata kona akapita katikati ya ngoro za mahindi, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, hata kama mvua imenyesha na matope yanamfika kwenye vifundo. Msibani alipasua kuni nyuma ya nyumba tangu asubuhi mpaka maiti inatoka, na watu wakamsifu kwa kujituma. Kumbe mwenzao alikuwa amejificha.

Mwenyewe aliamini ilianzia darasani. Mwalimu alimsimamisha asome kwa sauti, na katikati ya Kiswahili likamponyoka neno la Kimatengo. Darasa likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Tangu hapo, macho ya watu yakimwelekea, moyo ulimwenda mbio, koo likamkauka, mikono ikaanza kutetemeka. Mikono ndiyo iliyomtesa zaidi, maana moyo hauonekani.

Alikutana na Restituta kwa sababu ya suruali. Restituta, binti wa Liuli kando ya Ziwa Nyasa, alikuwa fundi cherehani Mbinga mjini. Joakim aliitupa suruali mezani, akasema "ipunguzwe," akaondoka kama anayefukuzwa. Restituta akamfuata mpaka barabarani.

"Kaka, mimi si mpiga ramli! Niipunguze mpaka wapi?"

Joakim alicheka kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Wiki iliyofuata alileta suruali nyingine, kisha shati ambalo halikuwa na tatizo lolote. Wakiwa wawili, maneno yalimtoka vizuri kabisa.

Ikaja siku ya kujitambulisha ukweni. Joakim alishuka Liuli na baba yake mdogo, Tadei. Sebuleni walikuwepo mzee Frederick, baba yake Restituta, mkewe Lidia, na mashangazi na wajomba mpaka mlangoni. Mama Lidia akamwekea chai mbele yake.

"Karibu, baba. Kunywa kwanza, mmetoka mbali."

Joakim aliinua kikombe. Kikaanza kugonga kisahani chake, na mazungumzo yakakatika. Kadiri alivyojikaza ndivyo mikono ilivyozidi, mpaka chai ikamwagika kwenye suruali na kwenye kitambaa cheupe cha meza. Shangazi Bonifasia akamwinamia jirani yake, ila sauti haikupungua vya kutosha: "Huyu mbona hivi? Anakunywa pombe?"

Joakim aliomba kutoka kidogo. Alipita choo, akapita uzio, akasimamisha bodaboda ya kwanza iliyopita. Tadei aliachwa peke yake akiomba radhi kwa jambo asilolielewa.

Simu ikazimwa. Restituta aliposubiri akachoka, alipanda mwenyewe Mbuji, akamkuta kwenye kichanja akigeuza kahawa iliyoanikwa.

"Nyumbani wanasema wewe ni mlevi."

"Bora waseme hivyo."

"Bora?"

"Mlevi anaeleweka. Mimi hata jina la ninachoumwa silijui."

Restituta alikunja kanga akaanza kugeuza kahawa upande wa pili wa kichanja. Walipokutana katikati akasema, "Basi twende tukalitafute."

Mteja mmoja wa Restituta, mama Ottilia, alikuwa muuguzi mstaafu aliyewahi kuhudumia wagonjwa wa akili. Alimsikiliza Joakim bila kumkatiza.

"Hujarogwa, na si kwamba huna akili," alisema. "Ni hofu ya kutazamwa, na unao wenzako wengi. Ila kila ukikimbia, inazidi kukomaa. Anza padogo. Mikono ikitetemeka, iache itetemeke. Kazi yako ni kubaki umekaa."

Kwa hiyo kila siku ya gulio Joakim aliingia mgahawani. Mara ya kwanza aliagiza chai, akalipa, akatoka kabla haijaletwa. Baadaye alikaa akiutazama ukuta. Kuna wiki alirudi nyuma kabisa, akaishia kununua chumvi na kwenda nyumbani, akijichukia njia nzima. Restituta hakumsema, alimuuliza tu kama atakwenda tena. Akaenda tena, akageuza kiti kuelekea watu, na chai ikamwagika mezani. Mwenye mgahawa akapitisha kitambaa. "Nikuongezee?" akauliza. Joakim akatazama huku na huku. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wakibishana kuhusu mpira.

Baada ya mavuno akashuka tena Liuli, na safari hii akamwomba Tadei amwachie aseme mwenyewe. Alisimama mbele ya wale wale.

"Shikamooni, wazazi wangu. Siku ile sikuwa nimelewa. Nina hofu ya watu tangu utotoni, na nikitazamwa mikono hutetemeka. Hata sasa, mnaiona. Nimekuja kuomba radhi kwa kuondoka. Kwa kutetemeka siwezi kuomba radhi, maana sikuamua mimi."

Shangazi Bonifasia akajitanda kanga vizuri. "Mwanangu, mimi ndiye niliyekusema. Nisamehe." Mama Lidia akaleta maji ya kunawa, ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwani. Joakim alikula. Mchuzi ulimdondokea kifuani, akaendelea kula, na mzee Frederick akamsogezea mkia wa samaki. "Malizia na huu, baba. Unaonekana unajua kula."

Walifunga ndoa katika misa ya kwanza ya asubuhi, bila ukumbi wala kipaza sauti, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoweza.

Mwaka huu, kwenye mkutano wa chama cha wakulima, Joakim alinyoosha mkono akauliza kuhusu bomba la maji ya kuoshea kahawa lililopasuka. Katikati ya swali sauti ikamkatika. Akavuta pumzi, akamalizia, akakaa huku jasho likimtiririka mgongoni. Mwenyekiti akajibu kwamba litatengenezwa mwezi ujao, na mkutano ukahamia kwenye mbolea.

Walipotoka, jirani yake Pankras akamshika bega. Joakim akadhani sasa atachekwa.

"Umesikia lakini?" Pankras akasema. "Eti mwezi ujao. Wewe unawaamini?"

"Hata kidogo," Joakim akajibu, wakateremka na kundi lote wakilalamikia lile bomba.