Siku Niliyojiandikisha Kama Mgeni Kijijini Kwetu

Mtacheka, najua, na wengine mmeshaiona ile video kwenye simu za watoto wenu, kwa hivyo sina haja ya kujificha: ndiyo, yule mama mwenye kofia ya maua anayepiga kelele kwenye veranda ya nyumba ya mawe ni mimi, Mwalimu Karimi wa gredi ya sita (yule yule anayewaambia watoto kila Jumatatu paredini wasiseme uongo hata kwa mzaha), na kama mnadhani hasira zangu ziliisha siku hiyo basi hamnijui. Naona aibu, lakini hasira ndizo zinanikosesha usingizi.

Mambo yalianza na sukari. Daktari aliniambia nitembee, si kukimbia, nitembee tu polepole kila wiki, na mimi na jirani yangu Gatwiri tukachagua Jumamosi asubuhi, tunatoka hapa kijijini Kibirichia, tunapita katikati ya lile shamba la zamani la mzungu, chini ya mikaratusi, hadi darajani, halafu tunarudi tukipiga domo. Mama yangu aliipita njia hiyo akienda kazini, mimi niliipita nikienda shule, na hakuna aliyewahi kutuuliza chochote. Halafu shamba likapata wenyewe wapya (sitawataja, wana mawakili), wakaleta meneja mwenye viatu ambavyo havijawahi kuona matope, akaipaka rangi ile nyumba ya mawe ya mzungu, akajenga geti, na getini akatundika kibao: MATEMBEZI YA KIHISTORIA, WAGENI PEKEE. Wageni ni watu wa Nairobi, wanaletwa na basi watembee taratibu kwenye njia yetu wakipiga picha kondoo, na sisi wenyeji tuzunguke na barabara ya malori, saa nzima ya kula vumbi. Hebu semeni wenyewe kama hilo halimpandishi mtu mori!

Nililalamika kwa chifu, chifu akasema analishughulikia. Nikalalamika kanisani, na huko mdomo ukaniponza, kwa sababu niliwaambia akina mama, pasta akiwa amesimama pale pale, kwamba Jumamosi nitaipita njia hiyo na nione nani atanizuia.

Jumamosi ikafika. Nia yangu ilikuwa nzuri kabisa, nisimame getini niseme mimi ni mtoto wa hapa, fungueni nipite, basi. Lakini tulipofika tulikuta basi la wageni limeegeshwa, watu wanashuka na kofia zao na fimbo zao za kutembelea, wanapanga foleni, na mimi nilikuwa nimevaa kofia ya maua aliyoninunulia binti yangu pamoja na raba nyeupe, yaani ukinitazama kwa haraka huwezi kunitenga na wale. Gatwiri akanikonyeza. Na mimi, mtu mzima, mwalimu wa watu, nikajipanga kwenye foleni.

Askari wa geti alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, anaandika majina kwenye daftari.

"Jina?"

"Misisi Johari," nikajibu kwa sauti ya puani. (Msiniulize jina hilo lilitoka wapi, hata mimi nililisikia likitoka.)

"Unatoka wapi?"

"Nairobi. Na huyu ni dada yangu."

Gatwiri, ambaye mwisho wake wa safari ni Nanyuki, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa gorofani. Yule askari alinitazama kwa muda, kalamu iko hewani, nikadhani tumekwisha, kisha akainamisha uso akaandika polepole. "Karibu sana, Misisi Johari," akasema. Nikapita nikijiona mjanja.

Mwongozaji wetu alikuwa binti mchangamfu, si wa huku, mwenye kipaza sauti kidogo alichokibana kwenye kola. Alinipenda mara moja kwa sababu nilitembea bila kuhema, akawa ananiita mbele kila mahali, Misisi Johari hapa, Misisi Johari pale, mpaka tukafika kwenye shamba la viazi ambako wageni huonyeshwa jinsi mkulima anavyochimba.

"Misisi Johari, umewahi kuona kiazi kikiwa bado ardhini?"

Mimi! Mimi niliyesomeshwa na viazi, niliyejenga kwa viazi, mwenye gunia la viazi nyuma ya mlango wa jikoni wakati huo huo! "Sijawahi," nikasema. Nikapewa jembe, na kwa kuwa nilishaanza uongo ilibidi niuendeleze, nikalishika kama mtu anayeshika nyoka, nikakata viazi viwili katikati, cha tatu kikatoka kizima na wageni wakanipigia makofi.

Makofi hayo ndiyo yaliyowafanya wachimbaji wa upande wa pili wainue vichwa, na miongoni mwao alikuwa wifi yangu Nkatha, dada wa mume wangu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto.

"Muga, Mwalimu! Kwani viazi vyako vimeisha?"

Nikajifanya natazama mlima kwa mbali.

"Mwalimu Karimi! Si nakusalimu?"

"Yule mama anamwita nani?" mwongozaji akaniuliza.

"Sijui," nikasema, "labda si mzima."

Maneno hayo yalipita kwenye kile kipaza sauti, Nkatha akayasikia yote, na tangu siku hiyo tukikutana sokoni anageuka kuuangalia ukuta. Gatwiri naye alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu, na nilipogeuka tena nikaona mgongo wake tu ukiteremka kuelekea mtoni. Hapo ningeweza kumfuata yakaisha. Lakini nilikuwa nimeshapandwa na kiburi, nikasema kimoyomoyo, nitatoka kwa mlango niliouingilia.

Tukapelekwa kwenye nyumba ya mawe, tukaketishwa kwenye veranda, tukapewa chai kwenye vikombe vya udongo mweupe. Meneja mwenyewe akatoka kutusalimia. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya zamani, watoto kama kumi wamesimama kwenye maua meupe, na binti akaielekea kwa furaha.

"Hapa mnawaona watoto wa wafanyakazi wakifurahia kuchuma maua ya bibi mwenye nyumba."

"Ooh, wanapendeza," mgeni mmoja akasema.

Nikasogea na kikombe changu mkononi. Ile ilikuwa pareto, ua la kutengenezea dawa ya wadudu. Kila mtoto alikuwa na kikapu kimefungwa kiunoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akicheka. Mama yangu alichuma pareto kwenye shamba hilo akiwa na umri wa watoto wale, ametusimulia mara nyingi walivyoanza umande ukiwa bado haujakauka, ngozi ya mikono ikipasuka, midomo ikifa ganzi, na ambaye debe lake halikujaa alirudishwa kwenye mstari wenzake wakienda kula. Hadi leo hawezi kufunga kifungo cha blauzi bila kusaidiwa. Na hawa wamemtundika ukutani, yeye au mwenzake, wanywee chai wakimtazama!

"Maua gani?" nikapiga kelele. "Hiyo ni pareto! Hao hawafurahii kitu, hao wanafanyishwa kazi! Mama yangu alichuma hiyo!" Nikaendelea kwa Kimeru, nikarudi kwa Kiswahili, nikaongeza Kizungu, nikamwonyesha meneja kidole kwa mkono uliokuwa na kikombe, nao ule mkono ukasahau kikombe, na chai yote ikamwishia kifuani kwenye shati jeupe.

Simu zikainuliwa. Halafu yule binti, na nina hakika hakuwa na nia mbaya, akauliza taratibu, "Lakini Misisi Johari, mama yako si wa Nairobi?"

"Mimi si Misisi Johari. Mimi ni Karimi, natoka hapa hapa ng'ambo ya ua."

Meneja alikuwa anajipangusa kwa leso. Wala hakupandisha sauti. "Wageni wetu," akasema, "mama huyu ameingia hapa kwa jina la uongo. Mtaamini historia yake?"

Wakacheka! Si wote, lakini wa kutosha. Jambo la kweli kabisa nililowahi kulisema mbele ya watu lilikuwa limeshakufa getini, na aliyeliua ni mimi, kwa kalamu ya mtu mwingine.

Kisha askari akaitwa. Akaja na daftari lake, akavua kofia, na sasa ndipo nilipomtambua. Mutwiri, niliyemfundisha kusoma, aliyekuwa akikaa dawati la mbele kwa sababu ya macho.

"Ulimwandika huyu?" meneja akamuuliza.

"Nilimwandika."

"Ulijua ni nani?"

Mutwiri akatazama sakafu. "Ni mwalimu wangu, bwana. Nilimtambua getini. Nikaona haya kumwaibisha mbele ya watu."

"Vua koti."

Akalivua pale pale, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza ya vikombe, akabaki na fulana iliyotoboka begani. Nikasema kosa ni langu, nikasema mara tatu, meneja akawa anaongea na wageni kuhusu keki. Tulisindikizwa wote wawili, mimi na mwanafunzi wangu, mpaka nje, ambako nusu ya kijiji ilikuwa imeshafika kwa sababu Nkatha alikuwa amepiga simu.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa yule meneja. Aliniweka nisimame karibu asubuhi nzima, halafu akaniambia Mutwiri atarudishwa nikiandika barua ya kuomba msamaha, kwa mkono wangu, niseme nilidanganya jina, niseme nilisumbua wageni, na (hapa nusura niondoke) niseme nilipotosha historia ya shamba. Niliandika. Nimewaandikisha watoto barua kama hizo kwa zaidi ya miaka ishirini na sikujua zinavyochoma. Mutwiri akapata koti lake. Barua yangu nayo ikawekwa kwenye kioo pale getini, na wazazi wa wanafunzi wangu wakipita wanasimama kuisoma, na picha bado iko ukutani na maneno yale yale, na njia bado imefungwa.

Nilikwenda kwa Mutwiri kumwomba msamaha. Alinikaribisha kiti, akaniletea uji, na sikuona chuki hata kidogo, jambo ambalo liliniumiza zaidi.

"Mwalimu," akasema, "ungesema tu jina lako ningekufungulia. Wangenifuta kazi, sawa. Lakini ingekuwa kwa jambo la maana."

Nikaweka kikombe cha uji chini.

Basi, naapa mbele yenu, acheke anayecheka: sitaazima jina la mtu mwingine tena kuingia mahali popote. Pale getini nitarudi, siku ambayo Mutwiri hayuko zamu ili nisimponze tena, na nitaenda na mama yangu nimemshika mkono, niseme huyu ndiye aliyechuma, muulizeni yeye. Wakitaka kutufukuza watufukuze. Lakini watufukuze kwa majina yetu.