Swali Zuri la Afisa Nishati

Afisa nishati ana mikono laini kama ya kichanga. Kila asubuhi, kabla hajaketi kwenye kibanda cha chai cha Otilia pale Majengo, hulifuta benchi kwa leso, kisha hulitazama jiko la mkaa kwa huzuni, kama mtu aliyefiwa. “Mama, bado tu tunamaliza misitu?” Sauti yake ni ya semina hata anapoagiza chapati. Ndiye aliyemkabidhi Otilia mtungi wa gesi mbele ya kamera, na picha ilitoka nzuri sana. Gesi ilidumu mwezi mmoja. Tangu hapo mtungi huo unauzuia mlango usipigwe na upepo, na kazi hiyo unaifanya kwa uaminifu mkubwa. “Sasa baba, lori la gesi likikwama huko njiani wiki mbili, mimi napikia nini?” Otilia huuliza. “Swali zuri,” hujibu afisa, na kuliandika daftarini. Huu ni mwaka wa pili analiandika swali hilohilo.

Jumatatu mkaa ulikuwa umelowa mvua, chai ikagoma kuchemka, na afisa alikuwa na kikao saa tatu. Otilia akakunja mikono makusudi. Basi mheshimiwa akaangaza huku na huku, akachuchumaa, akachomoa mkobani kitabu kinene cha Mkakati wa Nishati Safi, akaanza kupepea. Alipepea kwa ufundi, kiwiko kimebana ubavuni, kama mtu aliyekulia jikoni. Moto ukakolea.

“Shikamoo, mkakati,” Otilia akasema, akaenda kumletea kikombe.