Kofia Nyekundu na Kichwa cha Baba Mkwe

Shule mimi niliiaga mapema, kabla haijanichoka, na leo nina kibanda changu cha kunyolea hapa Temeke, viti vitatu na vioo viwili vya kutoka Uhindini. Wenye vyeti vyao wanakuja kuinamisha vichwa mbele yangu. Nani mwingine mji huu anamwambia karani "inama" naye akainama?

Lakini sikuanzia hapo. Enzi za Mwingereza nilikuwa tarishi wa serikali. Kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, mkunjo wake ungeweza kukata mboga, na kofia nyekundu yenye shada jeusi. Kofia ile ndiyo iliyonipatia mke. Baba mkwe, Mzaramo wa Mbagala mwenye minazi yake, aliniangalia kichwani tu, usoni hakufika, akasema amekubali.

Kazi yenyewe? Kusimama mlangoni kimya. Bwana mkubwa hakupenda sauti. Ukikohoa, anakutazama kama umevunja sahani. Nami, Mnyamwezi mie, naongea hata na jiwe la kunolea. Kutwa nzima maneno yananijaa shingoni. Nikirudi nyumbani navua kofia, nayamwaga yote kwa mke wangu mpaka wali unaungua.

Jioni moja akaweka mwiko chini. "Mume wangu, huko kazini wanakushona mdomo? Mbona yote unakuja kunimwagia mie? Kwani mie pipa?"

"Sasa nimwambie nani?"

"Sijui. Ila Jumapili ukiwanyoa majirani hapo barazani, unaingia ndani kimya, umeshiba. Siku hizo ndipo nakupenda."

Alisema kwa kunicheka, lakini kauli ile ilinikaa. Kumbe mwenzangu amenijua kabla mwenyewe sijajijua! Nikajiuliza, hivi mie hasa napenda nini? Mshahara? Naupenda, nani haupendi. Kofia? Inanikaa, maana kichwa cha kuvalia kofia ninacho. Lakini kilichonifanya niamke nikiimba kilikuwa kile cha Jumapili: kusikilizwa, kuchekesha watu, na kuona kazi ya mkono wangu ikiondoka inang'aa. Tena wateja wangu hawakuwa na pa kunikimbilia. Mtu aliyenyolewa nusu aende wapi?

Nikaacha utarishi. Kaptura nikairudisha. Kofia nikawaambia imeliwa na panya, kisha nikaitundika ukutani, pale barazani, juu ya kioo changu.

Habari ikafika Mbagala. Asubuhi moja baraza limejaa wateja, baba mkwe huyo.

"Shikamoo, baba."

"Sikuja kuamkiwa. Binti yangu nilimwoza tarishi wa serikali, si mkwangua vichwa. Mwanangu! Funga vitu vyako, tunaondoka."

Mke wangu akatoka, akapiga goti, akasema ndiyo baba, akarudi ndani. Nikasikia anafungua kasha. Yule ndiye aliyenionyesha mimi ni nani. Akienda, wembe wote huu wa nini? Halafu nikasikia kasha linafungwa. Likafunguliwa tena. Likafungwa. Nikaelewa: mwanamke ananipa muda.

Mzee akachoka kusimama. Kiti kilikuwa kimoja tu, kigoda changu cha kunyolea. Akakaa. Kabla hajajiweka sawa, shuka lilikuwa shingoni na povu kichwani.

"We! Mkwe anamgusa mkwe kichwa? Huna adabu?"

"Kweli baba, mkwe hagusi. Lakini mie Mnyamwezi, wewe Mzaramo. Sie watani tangu babu zangu walipobeba mizigo ya misafara kuja kwenu pwani. Mkweo katoka kidogo. Aliyepo hapa ni mtani wako, na kichwa cha mtani ni halali yangu."

Baraza zima likaangua kicheko. Mzee alitaka kukasirika, lakini anayekasirikia utani anaonekana mshamba mbele za watu, naye mshamba hakutaka kuwa. Nikanyoa huku naongea. Nikamwigizia bwana mkubwa anavyopiga chafya, hadi mabega ya mzee yakaanza kutikisika chini ya shuka. Nilipofika katikati ya kichwa, nikaweka wembe chini, nikampa kioo.

Akajitazama. Upande mmoja unang'aa, upande wa pili mvi za miezi.

"Malizia."

"Nimalizie mie? Mkwangua vichwa?"

"Malizia, mpagazi wewe!"

Hapo nikajua nimeshinda. Mpagazi ni tusi la mtani, halitoki kinywani mwa mkwe.

"Tulia basi, mkwea minazi, nisikukate sikio."

Nikammaliza vizuri, tena kwa mafuta. Akasimama, akajipapasa kichwa mara mbili, akatazama ukutani. Akanyoosha mkono, akaitungua kofia yangu nyekundu, akaivaa.

"Baba, hiyo..."

"Baba yako katoka kidogo," akasema. "Mtani huchukua anachokiona. Binti nilimwoza kofia hii, si ndiyo? Basi kofia naondoka nayo. Yeye baki naye, na mwambie aliache lile kasha kabla bawaba hazijang'oka."

Akashuka barazani, akaelekea kwake Mbagala na kofia ya serikali kichwani. Nasikia njia nzima watu walimpisha.