Niliposema Mimi ni wa Mombasa

Nakumbuka asubuhi moja kule Jeddah, mwanangu, mzungu mmoja mzee aliponichorea kijiji chao kwa kidole juu ya vumbi la boneti ya gari.

Nilikuwa dereva wake. Alikuwa fundi wa mabomba makubwa, Mpolandi, jina lake Stashek. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana sikumwonea haya sana. Unajua mimi tangu ujana ni mtu wa haya.

Alianza na mstari mmoja, barabara. Kandokando yake nyumba arobaini, hakuna zaidi. Nyuma ya nyumba mto mdogo, ambao theluji ikiyeyuka hufurika mpaka kwenye mashamba ya viazi. Kusini msitu wa misonobari, kaskazini kinamasi alikozama ng'ombe wa babu yake. Akanieleza kwamba vita viliteketeza upande mmoja wa barabara. Waliobaki upande wa pili walifukuzwa, na babu yake akaletwa na mkokoteni kutoka mbali mashariki, akapewa nyumba iliyokuwa bado na vikombe vya watu wengine mezani. Makaburini kuna mawe ya wazee wa wale waliofukuzwa, yenye maandishi ambayo hakuna mwanakijiji anayeweza kuyasoma. Hata hivyo, mama yake aliyafagia kila mwaka.

"Wale pia ni wa kijiji," aliniambia. Kisha akanionyesha vumbi lililobaki. "Na wewe? Chora chenu."

"Mimi ni wa Mombasa."

"Mombasa ni mji. Chora."

Nikacheka. "Yalla, twende, bosi, tutachelewa."

Ukweli ni kwamba Mombasa sikuwahi kulala hata siku moja. Miaka ile mawakala walikuwa wakizunguka kila mahali kutafuta watu wa kupeleka Saudia, na wangu ndiye aliyeandika Mombasa kwenye fomu. Alisema waajiri wanawapenda watu wa pwani. Nami jina likanipendeza. Niliondoka hapa kijijini Eshirembe nikiwa darasa la pili, nikalelewa na shangazi Nakuru, na nilijua wenzangu wangenicheka kwamba mimi ni wa ushago, mtu wa kijijini.

Mzee Stashek hakucheka. "Baba yako yuko hai?"

"Yuko."

"Muulize leo. Mimi wangu nilimuuliza mpaka akanichoka."

Sikumuuliza. Baba aliponipigia simu tuliongea habari za mvua na afya, tukaagana.

Miezi michache baadaye nikapata habari kwamba ameugua sana na anataka kuniona. Kafili, yaani mwajiri aliyeshika karatasi zangu, hakunizuia, lakini pasipoti yangu haikuonekana ofisini kwake. Nikapanda basi mpaka Riyadh kuomba karatasi ya safari kwenye ubalozi wa Kenya. Mama aliyekaa dirishani alitaka tu kuhakikisha kwamba mimi ni Mkenya.

"Kwenu wapi, kijana?"

"Mombasa."

"Mombasa gani?"

"Likoni."

"Haya, nimeshuka feri hapo Likoni. Nipeleke mpaka kwenu."

"Ukishuka feri..." nikaanza, nikaishia hapo. Mtu mmoja kwenye foleni nyuma yangu akasema, "Huyo ni wa Likoni ya Jeddah!" Watu wakaangua kicheko.

Ndipo nikasema ukweli. Yule mama akaweka kalamu chini.

"Sasa nishike lipi? Haya, huko Eshirembe chifu ni nani? Mto wenu unaitwaje? Mmepakana na nani?"

Nilijua jina la baba na rangi ya mlango wetu. Basi.

"Kijana, sikukatalii. Lakini umeshanidanganya mara moja. Nitamtafuta chifu wa huko, aniandikie. Rudi Jeddah usubiri."

Barua ya chifu ilichukua wiki tatu. Baba alizikwa katika wiki ya pili.

Nilipofika, nyanya yako aliniambia, "Kila pikipiki ikipita alikuwa anauliza kama ni wewe." Nilizunguka siku nzima nikiwauliza majirani nani alifika hapa kwanza, na mpaka wetu ulianzia wapi. Kila mmoja alisema, "Hayo angekuambia baba yako." Machache nimeyapata baadaye, kidogo kidogo. Mengine hayapatikani tena.

Sasa nawe viza imetoka, na sikuzuii. Nakuomba tu, kabla ya kuondoka, tutembee kijiji hiki kwa miguu, mimi na wewe, nikuonyeshe niliyoyakusanya, na usione haya kuniuliza hata nikichoka. Wakala akitaka kukuandikia kwao kwa mtu mwingine, mkatalie. Ukiulizwa ulikotoka, taja hapa, wacha wacheke. Na ukitupigia simu, usiishie kwenye mvua.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe waajiri wenye huruma, akulinde na kiburi na aibu, na siku utakaporudi, akukutanishe nasi tukiwa hai.