Jimbo Lenu Ni Lipi?

Nilifika Mogogosiek juu ya magunia ya viazi, kwenye lori lililonitoa Londiani. Kabla ya hapo nilikuwa njiani siku mbili kutoka Kitale. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha, na nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Nilipata kazi ya kupima majani chai kwenye kituo cha wakulima, na mama mmoja mjane akanipangisha chumba karibu na zizi la ng'ombe wake. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyezaa juzi.

Mwezi haukuisha kabla kiwele hakijavimba. Maziwa yakatoka na mabonge. Mama alitaka kumwita daktari wa mifugo, mimi nikamzuia. Nilikuwa nimegundua duka mjini Kericho lenye kompyuta ya intaneti, nikaamini dunia nzima imekaa humo.

"Ngoja kidogo, mama. Humo kuna wafugaji wa kila nchi."

"Haya. Lakini uwasalimie kwanza, usiwarukie kama mtu anakimbizwa na nyuki."

Nikaenda kuwasalimia. Lakini baraza la wafugaji nililolipata mtandaoni, la Kiingereza, halikuniandikisha mpaka nitaje jimbo, na majimbo yote kwenye orodha yalikuwa ya Marekani. Nikachagua la kwanza, nikaeleza ugonjwa wa ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata nilikuta majibu. Mmoja alisema nimwingize ng'ombe kwenye banda lenye hita. Mwingine alisema nipigie simu ofisi ya kaunti. Kaunti tuliyoijua sisi miaka ile, yaani halmashauri, ilikuja sokoni kudai ushuru tu. Wengine wakabishana kama watu wa jimbo "langu" wanajua ng'ombe. Nikaandika kwamba niko Kenya. Jumamosi ya pili nikakuta nimeitwa mwongo na mazungumzo yamefungwa.

"Wamesemaje?" mama aliniuliza.

"Wanauliza jimbo letu."

"Si ungewaambia Mogogosiek? Kwani ni siri?"

Bado nakasirika. Hata leo, kwenye mabaraza ya Kiingereza, mtu huandika "rais" au "baridi ya mwezi huu" bila kutaja nchi, na sisi wengine tunasoma kama wageni tulioingia bila hodi. Lakini mwaka ule hasira yangu haikumsaidia ng'ombe.

Daktari alipokuja aligusa kiwele, akatikisa kichwa. "Mngeniita wiki ya kwanza, ningemdunga sindano tu." Mama hakusema ni nani aliyemzuia. Ng'ombe alienda kwa mchinjaji, ndama akapelekwa kwa jirani mwenye maziwa.

Sikuweza kuendelea kulala karibu na zizi tupu. Asubuhi niliyoondoka, mama aliniita jikoni, akanimiminia chai ya rangi, akaniomba radhi kwa kukosa maziwa. Nikainywa yote nikiwa nimesimama, nikachukua mkoba, na sikurudi tena.