Kona Tuliyoibadilisha na Mtaro

Jana usiku nililala nikijiona mshindi. Mpango wa kuufufua mtaa wetu, hapa Mji wa Kale, ulikuwa umetugharimu vikao saba, ugomvi wa ndugu wawili na sauti yangu. Lakini tuliuchora wenyewe, kwa chaki, kwenye sakafu ya madrasa. Kamati ya mtaa hunituma mimi kwenye mapatano kwa sababu nauza mbao na makabati ya zamani, na hajatoka mteja dukani kwangu akicheka peke yake. Jirani yetu Bi Tatu hakutaka mtaro wa maji machafu upite ukutani kwake. Nikamlainisha: atoe njia ya mtaro, nasi tumwachie asogeze kibanda chake cha mahamri hadi kwenye kona ya kichochoro. Watu wakapiga makofi. Ilibaki kutia sahihi asubuhi.

Basi nikaota. Ni mchana, jua la utosini, na marehemu baba anakuja kichochoroni na jeneza begani, mbele, upande wa kulia, alivyozoea kuwabeba majirani. Wenzake waliobeba naye nao tulikwisha kuwazika. Nikawahesabu: wanne. Nikarudia: wanne, na wote wamechoka.

Wakafika kwenye kona. Kibanda cha Bi Tatu kimesimama tayari, rangi mbichi. Wakaliinamisha jeneza, wakalirudisha nyuma, wakajaribu tena. Halikupita.

"Lisimamisheni wima," nikasema, kama ninavyowaambia wachukuzi wangu.

Baba akanitazama. "Mwanangu, hili si kabati."

"Basi tupunguze kidogo hapa na pale, baba. Tutapatana."

"Upatane na nani? Mwenyewe kalala humu ndani."

Nikautazama mlango walikotokea. Ulikuwa wa nyumba yetu.

Mara hatupo tena kichochoroni. Tupo madrasa, jeneza limewekwa juu ya mchoro wetu, na baba amechutama kando yake, anaifuata kona kwa kidole. Chaki haimshiki mkononi.

"Mmepima mkokoteni," anasema taratibu. "Mmepima bomba. Hata meza ya mahamri mmeipima. Bega la mchukuzi kalipima nani?"

Nikainama niipime kona kwa shubiri.

Nikaamka. Chumba cha pili mama alikuwa akikohoa. Hajashuka ngazi tangu masika.

"Ulikuwa ukisema na nani?" akauliza.

"Na baba."

Kitanda chake kikalia. "Alikuja peke yake?"

Nikamwambia alale.

Sasa nawauliza, nyinyi mliokwisha kupatanisha majirani. Nikiidai kona, Bi Tatu ataidai njia ya mtaro, na maji machafu yataendelea kuingia vyumba vya chini, wanakolala watoto wa watu. Nikinyamaza, siku yake ikifika mama atatolewaje? Watu wameanza kukusanyika madrasa. Nianze kusema na nani, na neno la kwanza liwe lipi?