Chumvi Niliyomnyang'anya Fundi wa Sufuria

Leo nimemgombeza mtu kwa sababu amenitii.

Nilipeleka masufuria yangu yaliyotoboka kwa fundi hapa Roret, ayayeyushe anitengenezee moja kubwa. Kesho wageni wanakuja kumposa mjukuu wangu. Ugali wao nitapikia wapi, kwa kofia?

Nikaona amechanganya chumvi aina mbili, anataka kuzimwaga motoni juu ya masufuria yangu.

"Wewe! Chumvi ni ya mboga na ng'ombe!"

Nikamnyang'anya, nikaifunga kwa leso. Akarudi kuchochea moto.

Basi masufuria yakayeyuka, lakini yakabaki matone matone, kila tone na ngozi yake kama maziwa yaliyopoa. Anakoroga, hayashikani.

"Mbona hivyo?"

"Kogo, hizo chumvi zikiyeyuka ndizo zinatoa hiyo ngozi, matone yaungane."

"Na ulinyamaza!"

"Sasa mimi nitabishana na kogo, nyanya wa watu?"

Nikafungua leso, nikamwaga mwenyewe. Yakaungana.

Sufuria ninayo. Lakini nimemwambia, siku nyingine nikikosea anikatalie. Heshima haipiki ugali.

Nyinyi mnaosoma, nani alikosea hapo? Na msiniambie ni mimi.